Kioo Namba Kumi na Nne

Mara ya kwanza jua lilipopatwa Gedion Kivuti akiwa na habari, baba yake alimfungia ndani ya nyumba. Ilikuwa mwaka wa themanini, kule Embu, naye alikuwa mtoto wa miaka minane. Redio ilikuwa imeonya watu wasitazame juu, na baba yake, ambaye hakuwa mtu wa kutii nusu nusu, alitundika mablanketi kwenye madirisha yote, akawaketisha watoto watano kitandani, na kuwaamuru wafumbe macho humo humo gizani. Mara ya pili, mwaka wa elfu mbili kumi na tatu, Kivuti alikuwa mtu mzima mwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma mjini Meru, na hakukuwa na wa kumfungia. Mvua ya Novemba ikaifanya kazi hiyo. Alisimama nje saa mbili nzima akinyeshewa, akitazama tumbo la wingu.

Ya tatu iliangukia Jumapili, tarehe ishirini na moja Juni, mwaka ule wa korona. Safari hii Kivuti alikuwa ameapa. Alikuwa ameacha shule darasa la tano, na alipofika umri wa miaka arobaini na sita akajiandikisha masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa, akiketi dawati moja na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe. Huko ndiko Mwalimu Nkirote alikoshika chungwa mkono mmoja na ndimu mkono mwingine mbele ya taa, akawaonyesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuficha kitu kikubwa. Kivuti hakulala vizuri wiki hiyo. Kumbe ndiyo hiyo aliyofichwa kwa mablanketi! Akasimama mbele ya darasa na kutangaza kwamba likipatwa tena ataliona kwa macho yake, na atalipiga picha kwa mkono wake, aje aibandike ukutani pale. Vijana wakacheka. Mmoja wao, Marete, akasema, "Babu, ukikosa jua piga chapati, uume kidogo pembeni. Nani atajua?"

Mungu angejua. Kivuti alikuwa mtu wa maombi, wa kuamka saa kumi na moja kila siku na kupiga magoti kando ya mtungi wa gesi kabla ya kuwasha moto wa kazi. Tangu Januari ombi lake lilikuwa moja. Bwana, sikuombi gari. Sikuombi ploti. Nakuomba saa mbili za jua.

Sasa, Juni si mwezi wa kuahidiana na jua huko Meru. Ukungu hushuka kutoka mlimani na kukaa hadi saa tano, kama mgeni asiyeona kwamba wenyeji wanapiga miayo. Embu ni vivyo hivyo, baridi na manyunyu. Lakini ukiteremka upande wa Mbeere, kuelekea Kiambere, mawingu huachwa nyuma ghafla, na anga ya asubuhi huwa tupu juu ya maji ya bwawa. Kiambere ndiko kulikofaa. Shida ilikuwa moja tu: Kiambere kulikuwa ukweni.

"Nitasimama kilimani, juu ya barabara," alimwambia mkewe.

Ruguru aliacha kukunja nguo. "Tufike Kiambere alfajiri, tupite lango la baba, tukasimame porini kama wezi wa mbuzi?"

"Si kupita. Tutaingia baadaye. Saa tatu na nusu hivi."

"Na watu wa kule wanaojua pikipiki yako hata kwa mlio? Watasema muthoni wa Ngari amekasirika. Kabla ya saa sita baba atakuwa ameulizwa na watu kumi umekasirikia nini."

Muthoni ni mkwe, na mkwe aliyekasirika ni habari kubwa. Isitoshe, askari wa bwawa hawampendi mtu anayezungukazunguka na kamera yenye mdomo mrefu.

"Haya," Kivuti akasema. "Lakini dakika kumi. Salamu, halafu mimi niko uani na kamera yangu."

"Dakika kumi," Ruguru akakubali, upesi mno.

Hapo ndipo Kivuti alipokosea. Hakuna mkwe wa upande ule, tangu mbuzi wa kwanza wa mahari afungwe kamba, aliyewahi kukaa ukweni dakika kumi.

Kamera alikuwa ameinunua kwa mpiga picha wa harusi ambaye korona ilikuwa imemkaushia harusi. Miguu mitatu ya kuisimamishia aliichomelea mwenyewe kwa chuma cha fremu za madirisha, ikawa na uzito wa mfuko wa mbolea. Lakini kitu cha thamani kilikuwa kioo. Kila mchomeleaji ana kioo cheusi cha kukinga macho katika helmeti yake, na vingi ni namba kumi au kumi na moja. Hivyo vinatosha cheche, jua havilitoshi. Kivuti aliagiza namba kumi na nne, cheusi kuliko vyote, kikachukua wiki tano kufika. Kilikuwa kimoja tu. Akakitengenezea kifremu cha bati cha kukaa mbele ya lenzi, na akakipima kiingie pia katika dirisha la helmeti, ili aweze kukihamisha: dakika moja atazame, dakika moja apige. Alifanya mazoezi ya kukihamisha akiwa amefumba macho, kama askari na bunduki yake.

Walilala Embu kwa kaka yake Jumamosi, na kafyu ilipoisha alfajiri wakashika barabara kwa pikipiki, Ruguru nyuma, chuma cha miguu mitatu na helmeti vimefungwa ubavuni. Manyunyu yakawapiga hadi walipoanza kuteremka. Kisha, kama vile mtu amefungua kifuniko cha sufuria, nyota zikaonekana. Kivuti aliimba wimbo wa sifa ndani ya barakoa yake hadi Kiambere.

Saa kumi na mbili na nusu kamera ilikuwa imesimama katikati ya ua wa Mzee Ngari, imeelekea mashariki, ng'ambo ya maji. Hakukuwa na wingu hata la kufutia miwani. Jua lilichomoza jekundu, zima, la kwake. Lingeanza kuumwa saa moja kasorobo, lifikie kilele saa mbili kasoro dakika kumi, liachiliwe saa tatu na dakika chache. Kivuti alikuwa ameyaandika hayo kwenye kiganja.

"Nini hii umesimamisha kwa boma yangu? Unapima shamba?"

Mzee Ngari alikuwa ametoka nyumbani amevaa shati jeupe, tai na koti, saa hiyo ya asubuhi. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, na kanisa lilikuwa limefungwa tangu Machi. Mahubiri ya Jumapili kumi na tatu yalikuwa kifuani mwake, hayana pa kwenda.

"Ni kamera, baba. Leo jua linapatwa."

"Na nini?"

"Na mwezi. Unapita mbele yake."

"Mwezi hupita usiku," mzee alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto wa katekisimu. "Ingia ndani, mwanangu. Mgeni hasimami nje kama mwiba."

Kutoka mlango wa jikoni, hatua nne kutoka pale, sauti ya mama mkwe ikasema, "Ruguru, mwambie mgeni chai iko tayari."

Kivuti aligeukia ghala la mtama. "Ruguru, mwambie mama asante sana."

"Amesema asante," Ruguru akasema, hajanyanyua hata kichwa.

Ndivyo walivyoishi, yeye na mama mkwe wake, kwa miaka ishirini na miwili. Heshima yao ilikuwa hivyo. Hawakushikana mikono, hawakutazamana usoni, na neno lolote kati yao lilipitia kwa Ruguru, hata kama wote watatu walikuwa kwenye kivuli kimoja. Kivuti alimjua mama mkwe kwa sauti, kwa viatu vyake vya plastiki, na kwa chapati zake.

Chapati zilikuja nne, na mayai, na kibakuli cha asali, na birika la chai ambalo lingetosha kwaya. Kukataa chakula ukweni ni tusi ambalo hata wajukuu hulisimuliwa. Kivuti alikula haraka, na kadiri alivyokula haraka ndivyo Ruguru alivyotumwa na chapati nyingine, maana jikoni walisikia sahani ikilia wakadhani mgeni ana njaa.

Saa moja kasorobo ilimkuta na yai mdomoni. Huko nje, bila yeye, mwezi uligusa jua.

"Baba, naomba nitoke kidogo."

"Choo kiko nyuma ya ghala."

"Si choo, baba. Ni lile jua."

"Jua liko," mzee akasema. "Limekuwako tangu nizaliwe. Hebu niambie, watu wa Meru wanasema nini kuhusu hii korona?"

Kivuti akasema wanasema nini. Mzee akamweleza kwa nini wanakosea. Saa moja na dakika kumi. Saa moja na robo. Simu ikatetemeka mfukoni. Alijua ni Marete anauliza picha iko wapi, akaiacha itetemeke. Ruguru alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, akimtazama mumewe kwa macho ya mtu anayesema, usiniaibishe. Saa moja na dakika ishirini Kivuti aliweka kikombe chini kwa nguvu kidogo kuliko alivyokusudia.

"Baba, nimefunga safari ya kilomita mia mbili kuliona jua hili. Nikilikosa leo, la maana linalofuata ni miaka saba."

Uso wa Mzee Ngari ukalainika. "Kumbe ni jambo zito hivyo. Ungesema. Basi tulikabidhi kwa Bwana, halafu uende. Tusimame."

Kivuti alisimama kwa furaha. Maombi! Dakika tatu, tano zikizidi. Akafumba macho.

Lo! Alikuwa amesahau zile Jumapili kumi na tatu.

Mzee alianza na shukrani, na shukrani peke yake zilifika saa moja na nusu. Akaomba dhidi ya korona, kaunti kwa kaunti. Akaomba dhidi ya nzige waliopita Februari, na mayai yao waliyoacha mchangani. Akaliombea bwawa, na maji yake, na samaki wa maji yake. Akawaombea watoto wasioenda shule, walimu wasiolipwa, na wachungaji wanaohubiria viti vitupu, na hapo sauti yake ikatetemeka na akakaa papo hapo muda mrefu.

Yangekuwa mazungumzo tu, Kivuti angekwisha kutoka. Lakini hakuwa mtu wa kuyakimbia maombi. Hakuwahi, tangu aokoke, kufungua macho kabla ya amina. Akasimama pale jasho likimtoka, naye akaanza ombi lake ndani ya lile ombi. Bwana, umenipa anga. Umenipa barabara. Umenipa kioo. Sasa mpe huyu mzee amina. Neno moja tu, Bwana, silabi tatu. Akasikia mzee akivuta pumzi. Akangoja.

"Na tena, Baba," mzee akasema, "tunauleta ukoo huu mbele zako, tukianza na wale wa kwa Rwamba."

Ukoo wa kwa Rwamba ulikuwa na nyumba saba.

Kivuti akafungua jicho moja. Alilifungua kutazama saa ya ukutani tu, na Mungu amsamehe. Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Lakini jicho halikufika kwenye saa. Liliishia kwenye shati la Mzee Ngari.

Shati lilikuwa na madoa ya mwanga. Yalikuwa sita au saba, ya duara, kila moja upana wa kifuniko cha chupa, na kila doa lilikuwa limeumwa upande mmoja. Yote yalikuwa yameumwa upande ule ule. Moja lilikuwa kwenye tai. Moja lilikuwa kwenye upara, linateleza mzee alipotikisa kichwa. Na ukutani nyuma yake yalikuwa mengi zaidi, madogo na makubwa, kama mtu amemwaga debe la vipande vya kucha zinazong'aa. Kivuti alifungua jicho la pili. Ukuta wa mashariki ulikuwa wa mabati yaliyokwisha kutumika kwenye paa, yenye matundu ya misumari ya zamani, na jua la asubuhi lilikuwa linapenya kila tundu na kuchora sura yake lenyewe, likiwa limepatwa hivyo hivyo.

"Bwana Yesu!" Kivuti akatamka.

"Amina!" mzee akaitikia kwa nguvu mpya, akidhani Roho amemshukia mkwewe. "Mguse, Baba! Mguse tena!"

"Baba, tazama—"

"Tunatazama kwako, Bwana! Tutazame wapi kwingine?"

Ruguru ndiye aliyeokoa. Alifumbua macho kuona mumewe ana nini, akaona, akapiga ukelele. "Baba! Shati lako!"

Mzee Ngari alijitazama kifuani. Katika mwaka ule, mtu wa Mbeere akiona vitu vingi vidogo vimetua mwilini mwake, alijua ni nzige. Alijipiga kofi la kifua, akajipiga la tai, akajifuta upara kwa mikono miwili, na madoa yakahamia mikononi.

"Ni jua, baba," Kivuti akasema. "Ndilo hilo. Mwezi umelifunika karibu nusu."

Mzee alinyoosha kiganja. Jua dogo lililoumwa likakaa humo.

"Kumbe hukuwa unasema mambo ya kitabu," akasema. "Twende nje. Amina."

Kivuti alitoka mbio. Na uani, kwanza, alikuta mbuzi. Ni mbuzi wa kumchinjia yeye, aliyefungwa karibu na ghala, na alikuwa amezunguka miguu mitatu ya kamera mara nyingi kadiri kamba ilivyomruhusu. Kamera ilikuwa imesimama imara, chuma kilikuwa chuma, ila sasa ilikuwa inapiga picha ya choo. Kivuti aliinama kumfungua, huku akisema maneno ambayo yalikaribia dhambi bila kuifikia, na alipoinua kichwa akamwona mama mkwe.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono mmoja umekinga paji la uso, amekaza macho moja kwa moja kwenye jua.

"Mama, usitazame!"

Ua wote ukamgeukia. Hata mbuzi. Mkwe alikuwa amempigia mama mkwe kelele, uso kwa uso. Mama Ruguru aligeuka haraka na kutazama chini, na Kivuti akatazama ghala, masikio yakimwaka moto.

"Ruguru," akasema kwa sauti ya chini, "mwambie mama anisamehe. Mwambie mimi nimefundisha vijana kumi na mmoja kuchomelea, na kila mmoja wao kuna siku alidhani kutazama kidogo si kutazama. Usiku analia kama ametiwa mchanga machoni. Na hilo ni la moto wa karakana tu. Hili linaweza kula jicho kabisa, na haliumi likila."

Ruguru hakuwa na haja ya kumwambia mtu. Wazee wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa. Lakini walikuwa wanajikaza, Kivuti aliona. Shingo zilikuwa zinawavuta. Mtu hawezi kuambiwa kwamba jua limekatika nusu juu ya kichwa chake halafu atazame kuku.

Alitazama kamera. Alitazama kiganja: saa mbili kasoro dakika kumi, kilele. Ilikuwa sasa. Akachomoa kioo kwenye kifremu cha lenzi, akakitia kwenye helmeti, akamkabidhi Ruguru.

"Mpe mama. Dakika moja moja."

Mama mkwe akavaa helmeti. Ilimmeza hadi mabegani. Ikainuka taratibu kuelekea mashariki, ikakaa hapo.

"Ngai," ikasema helmeti, ikimwita Mungu.

"Unaona nini?" mzee akamuuliza mkewe. "Wanjira, unaona nini?"

"Nyamaza nione."

Dakika moja ikawa nne. Mzee Ngari alipopewa zamu yake alikaa sita, akieleza kila alichokiona kana kwamba wenzake wako redioni: rangi ni kijani, limeliwa upande wa kushoto, aliyekula ana mdomo mviringo. Akairudisha, akaiomba tena. Ruguru akatazama, akaguna, akairudisha kwa mamake. Kivuti alikuwa ameshika mdomo wa lenzi kwa mkono wote, kuikinga, na alihesabu dakika kama mtu anayetazama maziwa yakichemka na kumwagika naye hana kijiko.

Zamu yake ilifika saa mbili na robo. Aliingiza kichwa kwenye giza lile alilolizoea, lenye harufu ya moshi na jasho lake mwenyewe. Hakuna alichoona mwanzoni. Kisha likaja. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, la kijani, tulivu, na ubavuni pake palikuwa na kitu cheusi chenye ukingo uliochorwa vizuri kuliko kazi yoyote ya mikono yake. Kwa hiyo mwezi ulikuwa kitu kweli, mpira, uko pale. Aliwaza mablanketi ya baba yake. Hakuweza hata kusema amina. Miaka arobaini, na lilikuwa limechukua pumzi sita kuliona.

Akavua helmeti. Limebaki moja, akajiambia: picha. Alikuwa na dakika arobaini na tano.

Kuzitumia hakukuwa rahisi. Mzee alitaka kuona "kama linapona." Jirani alipita njiani, akaitwa, akaona. Kila mara Kivuti alisema, "Baba, sasa naomba kioo," na kila mara mzee alijibu, "Hebu hiki kidogo tu," kwa sauti ya mtu anayeonja nyama. Ilikuwa inakaribia saa tatu kasorobo Kivuti alipokipata, akakirudisha kwenye kifremu, akaelekeza kamera. Kidonda cha jua kilikuwa kimebaki upana wa kidole.

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya pili ikatoka doa jeupe lisilo na umbo, kama yai lililopasuka kwenye kikaango. Alikuwa amefanya mazoezi ya kuhamisha kioo miezi miwili, lakini jua la kufanyia mazoezi Meru hakupewa. Akageuza kigurudumu kidogo cha kupunguza mwanga, akapiga tena: doa, ila dogo. Anakaribia. Nyuzi mbili tatu tena, dakika kumi za utulivu, na atalipata na ukingo wake wote. Bwana, dakika kumi.

"Ruguru," sauti ikasema nyuma yake, "mwambie mgeni nataka kuuliza kitu."

Kivuti alifumba macho.

"Mwambie ile ya kwanza, ya zamani, mimi ndiye nilifungia watoto na mbuzi ndani, nikakaa mlangoni nikiwalinda, sikuona. Na ile nyingine nilikuwa nimelala na malaria. Hii ndiyo nimeona. Mwambie nataka kuona ikitoka. Ile mwisho wake kabisa."

Ruguru alikuwa anamtazama mumewe, na safari hii macho yake hayakuwa yanaamuru kitu.

Kivuti alikuwa na haki ya kukataa. Angesema, ngoja kidogo, mama, na mama mkwe angengoja, maana mgeni ni mgeni. Alipiga hesabu haraka bila kutaka. Miaka saba. Yeye atakuwa na hamsini na sita. Mama mkwe alikuwa anatimiza sabini na saba mwaka ule, na magoti yake yalikuwa yanasikika akisimama. Bwana, Kivuti akasema moyoni, na ilikuwa zaidi malalamiko kuliko maombi, ulishindwa kumtuma mtu mwingine yeyote?

Akachomoa kioo.

Mama mkwe hakuirudisha helmeti tena. Alisimama katikati ya ua, mikono nyuma, chuma kichwani, akiwa kama fundi anayengoja moto. Mzee Ngari aliomba zamu mara mbili, akageuziwa kisogo. Kivuti alikaa juu ya jiwe kando ya kamera isiyo na kioo, akitazama kivuli chake kikiwa kinakolea polepole kwenye vumbi. Saa tatu ikapita. Dakika moja. Tatu. Sita.

"Kivuti."

Aligeuka kutafuta aliyemwita. Hakuwa Ruguru, hakuwa mzee. Ilikuwa ile helmeti, na ilikuwa imemgeukia.

"Imeisha?" ikauliza.

Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti ile. Akatazama kile kioo cheusi, ambacho hakikuwa uso wa mtu, na akaona kwamba anaweza kukitazama bila kukosea heshima.

"Imeisha, mama."

"Imetoka polepole, halafu ghafla hakuna kitu. Ni kama haikuwa."

"Ndivyo, mama."

"Na wewe mbona hukupiga picha? Si ndiyo ulikujia?"

Mzee Ngari alikohoa. Ruguru akawa na kazi ya ghafla ya kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kivuti alifungua mdomo, na majibu yote ya haki yalikuwa yamejipanga ulimini, moja baada ya jingine, tangu dakika kumi za salamu.

"Nilisahau, mama."

"Ulisahau!" Helmeti ilitikisika, alikuwa anacheka humo ndani. "Ngari, umesikia? Mtu anatoka Meru na chuma yote hii, anakuja kusahau. Ile ingine ni lini?"

"Miaka saba, mama."

"Basi njoo hapa," mama mkwe akasema. "Nitakukumbusha."